Mita 300 za Asembo Bay

Leo tuweke kando lugha za programu, tuzungumzie ramani.

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni nikisomea sayansi ya kompyuta, nilizunguka Asembo Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, na kipokezi cha GPS mkononi. Nilikuwa nakusanya mahali palipo visima na shule kwa ajili ya mradi wangu. Kurudi chuoni nikaziweka alama zangu juu ya ramani ya karatasi niliyoipiga skani maktabani. Lahaula! Shule moja imeingia ziwani.

Nikakesha nikipekua programu yangu mstari kwa mstari. Sikuona kosa. Asubuhi nikamwendea mzee wa chumba cha ramani.

"Kijana, katikati ya ramani umesoma. Pembeni je?"

"Hapana, mzee."

Pembeni paliandikwa Arc 1960. Hiyo ni datamu, yaani umbo la dunia na mahali pa kuanzia ambavyo wapimaji walikubaliana kuvitumia. GPS inatumia datamu nyingine, WGS84. Ukichukua namba za GPS ukazibandika moja kwa moja kwenye ramani ya Arc 1960 huku kwetu, kila kitu kinasogea karibu mita 300 kuelekea kusini. Na pale Asembo Bay, kusini ni maji!

Utaniambia mita 300 si kitu, mtu anatembea dakika chache tu. Subiri kwanza.

Miaka ya 1990 watafiti wa KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani walikuwa wakichunguza malaria hapo hapo Asembo Bay. Walihitaji kujua kila nyumba iko wapi hasa. Tatizo ni kwamba enzi hizo serikali ya Marekani ilivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na kipimo kiliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Uvurugaji huo ulizimwa Mei 2000.

Wao hawakusubiri. Walitumia GPS ya kulinganisha. Kipokezi kimoja unakiacha mahali unapopajua barabara, kingine unazunguka nacho. Kile kilichotulia kikisema kimehama, unajua huo ni uongo wa setilaiti, nawe unautoa kwenye vipimo vya mwenzake. Sisi waandishi wa programu tungesema wamesahihisha kosa bila kuigusa programu yenyewe.

Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1998. Katika vijiji 15, eneo la kilomita za mraba 70 hivi, walipima nyumba 1,169, shule 15, makanisa 40, visima vya kuchimbwa 10 na mazalio makubwa ya mbu 48, pamoja na kilomita 15 za ufuko wa ziwa. Vyote vikaingizwa kwenye kompyuta na kuunganishwa na takwimu za wagonjwa na mbu.

Ramani za namna hiyo zilizaa nini? Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, Asembo na Gem zilifanyiwa jaribio kubwa la vyandarua vyenye dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba hata watoto wa maboma yasiyo na vyandarua walipata kinga, na vifo vyao vilipungua, mradi boma lao liwe karibu na maboma yenye vyandarua. Karibu kiasi gani? Ndani ya mita 300!

Ni umbali ule ule uliozamisha shule yangu. Kama watafiti wale wangechanganya datamu kama nilivyofanya mimi, nyumba zingine zikipimwa hivi na zingine vile, kinga hiyo isingeonekana kabisa. Mtu angesema chandarua kinamfaa anayelala ndani yake tu, na hoja ya kugawia kijiji kizima ingepoteza nguvu.

Tangu siku ile, kila jedwali la mahali ninalounda lina safu ya datamu, hata bosi akiniuliza ya nini. Nawe ukipita maktaba yenye ramani za zamani, omba kufunguliwa zile droo pana. Kabla ya kutafuta kijiji chenu, soma pembeni.