Mabingwa wa Wembley Wazuru Kenya, 1968

Tarehe 18 Mei 1968, klabu ya Uingereza ya West Bromwich Albion iliilaza Everton 1-0 uwanjani Wembley na kutwaa Kombe la FA. Jeff Astle ndiye aliyefunga, katika muda wa nyongeza. Muda mfupi baadaye, mabingwa hao walifunga safari kuja kucheza mechi za kirafiki Tanzania, Uganda na Kenya. Kenya ilikuwa haijatimiza miaka 5 ya uhuru.

Mwaka mchungu
Kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huo, sheria mpya ya Uingereza iliwafungia mlango Waasia wa Afrika Mashariki waliokuwa na pasipoti za Uingereza lakini hawakuwa na mzazi, babu wala bibi aliyezaliwa huko. Kabla ya siku hiyo, familia zilijazana uwanja wa ndege wa Embakasi na masanduku yao, zikiwahi ndege za London. Baadaye wakuu wa familia walitengewa vibali 1,500 tu kwa mwaka. Mchezaji kutoka Uingereza alikuja kwa mwaliko. Mwasia mwenye pasipoti ya Uingereza aliyeishi Nairobi alizuiwa kwenda huko bila kibali.

Soka yenye wenyewe
Wageni hao walikuta nchi yenye ligi yake na mashabiki wake. Klabu ya Gor Mahia iliundwa Februari 1968 na kunyakua ubingwa wa taifa mwaka huohuo. Kwa Wakenya, kukutana na Waingereza uwanjani, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, kulikuwa na uzito zaidi kuliko matokeo: sheria zilikuwa sawa kwa wote.