Unga wa Magoti: Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Bibi ameanguka jikoni, hajitambui. Wajukuu wake mapacha, Bukuru na Butoyi, wamemkimbiza zahanati usiku. Bukuru ndiye muuzaji wa unga wa magoti unaosifiwa gulioni kote Busunzu. Butoyi, anayesomea ufamasia Muhimbili na yuko nyumbani kwa likizo, ameokota chini ya gunia la kaka yake vipande vya vidonge ambavyo havikusagika vizuri. Anavijua.

SASA ENDELEA…

Presha 70 kwa 40. Sukari 2.3. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na hapo ndipo tabibu wa zamu alipoanza kumtazama Bibi upya: uso umejaa na kuwa mviringo, mikono na miguu imekonda, ngozi inavilia damu kila inapoguswa.

"Alikuwa anatumia dawa gani?"

Bukuru akatazama mlango. Butoyi ndiye aliyejibu.

"Steroidi, dokta. Miezi minane. Kaacha ghafla Jumatano."

Tabibu hakuuliza tena. Alifungulia dripu ya chumvi mpaka mwisho, akasukuma glukosi mshipani, kisha akachanganya kichupa cha haidrokotisoni, miligramu 100, kilichowekwa pale kwa ajili ya wenye pumu. Akawaambia mapacha wampishe.

Nje kulikuwa na baridi ya alfajiri. Walikaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema.

"Umeniaibisha mbele ya dokta," Bukuru alianza. "Bibi alikuwa hatoki kitandani. Nani alimsimamisha? Na kama ule unga ni sumu, si ameuacha? Mtu huugua kwa kula sumu, haugui kwa kuiacha!"

Hoja hiyo gulioni ingepigiwa makofi. Na tusimwonee Bukuru, magoti yaliyopona yamewalewesha wakubwa kuliko yeye. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Kliniki ya Mayo, Marekani, alimdunga kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa akijikokota kwa taabu. Siku chache baadaye mgonjwa anatembea. Mwaka 1950 Hench akashiriki Tuzo ya Nobel. Madhara yalihesabiwa sherehe ikiwa imeshapita.

"Nipe daftari lako," Butoyi alisema.

Lilikuwa daftari la madeni. Alilifungua ukurasa wa nyuma kabisa, akawasha tochi ya simu.

"Juu ya figo zako kuna tezi mbili. Zinatoa kotisoli, homoni inayokushikilia presha na sukari ukiumwa au ukiumia. Kwenye unga wako kuna deksamethasoni, ya ukoo huohuo, ila nguvu yake ni kama mara 25. Inapenya utando wa seli bila kubisha hodi, kwa kuwa inayeyuka katika mafuta. Ndani inaikuta protini inayoisubiri, inaitwa kipokezi, imeshikwa na protini nyingine zinazoituliza. Homoni ikishaingia ndani ya kipokezi, kipokezi kinabadilika umbo, kinawaacha walinzi wake, kinaingia kwenye kiini cha seli, kilipo DNA."

"Kufanya nini?"

Akaandika: AGAACA, nukta tatu, TGTTCT.

"Kutafuta hizi. Herufi sita, halafu tatu zozote, halafu sita. DNA ni nyuzi mbili, A hukaa na T, G hukaa na C. Hebu andika uzi wa pili, kisha uusome kuanzia mwisho."

Bukuru aliacha shule kidato cha pili, lakini hajawahi kukosea deni la mtu. Alinyang'anya kalamu, akapanga herufi moja moja, akazisoma kurudi nyuma. AGAACA. Nukta tatu. TGTTCT.

"Ni yaleyale," alisema, shingo upande.

"Ndiyo maana kipokezi hakiendi peke yake. Vinakwenda viwili, kimoja kinashika nusu hii na kingine nusu ile, vimeelekeana kama mimi na wewe tumboni mwa mama. Kila kimoja kina vidole viwili, kila kidole kimekazwa na chembe ya zinki. Kidole cha kwanza kinaingia kwenye mfereji mpana wa DNA na kupapasa herufi. Cha pili ndicho wanachoshikania. Mwaka 1991 wanasayansi Marekani walionyesha umbo hilo kwa eksirei, na DNA waliyotumia ilikuwa na nafasi ya herufi nne badala ya tatu. Unajua ilikuwaje? Pacha mmoja alikaa mahali pake. Mwingine akavutwa akashika herufi zisizo zake, kwa sababu hawakukubali kuachiana."

Bukuru hakusema kitu.

"Wakikaa hapo, jeni inawaka. Kwingine kipokezi kinazima, na uvimbe wa magoti unapoa. Lakini chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, nako kipokezi kinakaa mkao mwingine, kinazima jeni iitwayo POMC, inayotengeneza amri ya kuziamsha tezi za juu ya figo. Miezi minane amri hiyo karibu haikutoka. Tezi zimesinyaa. Jumatano ukaficha unga: homoni ya nje imekatika, ya ndani haitoshi."

"Kwa hiyo… angeendelea tu?"

"Angepunguziwa kidogo kidogo, dokta akimwangalia. Unga uliobaki uko wapi?"

"Nilisikia wakaguzi wanakuja." Sauti ilimkauka. "Sikuuficha, Butoyi. Niliuchoma."

"Wote?"

Butoyi alilichukua daftari mikononi mwake, akaligeuza, akafungua mwanzo. Ukurasa wa kwanza majina. Wa pili majina. Wa tatu.

"Hawa wote hawajapata tangu Jumatano?"

"Wote."

Kidole cha Butoyi kilishuka kwenye orodha, kikasimama. Mzee Minani, fundi baiskeli. Vijiko viwili kwa siku, mwaka mzima.

"Minani si amelazwa Kibondo? Ngiri?"

"Anapasuliwa leo. Saa mbili asubuhi."

Mwili ukipasuliwa hudai kotisoli kuliko siku nyingine yoyote, na hakuna daktari Kibondo aliyeambiwa kwamba mzee huyu hana ya kutoa. Butoyi alipiga simu ya mwanawe Minani. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Ilikuwa saa kumi na moja na robo.

"Nakwenda mwenyewe," Bukuru alisema, ufunguo wa pikipiki tayari mkononi. "Ananijua. Nikimwambia mimi, atakubali kwamba alikuwa anakula."

Alikuwa ameshapanda pikipiki taa za gari zilipommulika usoni. Gari likasimama katikati ya geti, likaziba njia. Wanaume wawili wakashuka.

"Mwakeye," alisalimu mmoja wao kwa upole. "Tunamtafuta Bukuru."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO