Anayetaka kuijua Adwaita aanzie wapi?

Hapa Mombasa tumekaa na Mabaniani mtaa mmoja miaka na miaka. Twanunua madukani mwao na watoto wetu husoma pamoja. Lakini ukiuliza dini yao yasema nini, wengi wetu jibu ni moja: masanamu. Naandika haya kwa anayetaka kujua zaidi ya hapo, hasa kuhusu Adwaita.

Neno hilo lina maana ya "si viwili". Kwa ufupi, Adwaita yafundisha kwamba kilichopo kwa hakika ni kimoja tu, Brahmani, na kwamba nafsi ya ndani kabisa ya mtu, Atmani, ndiyo hiyohiyo. Tunaona vitu mbalimbali kwa kutojua, kama mtu anayeona kamba gizani akadhani ni nyoka. Taa ikija, nyoka hakimbii, kwani hakuwapo. Mwalimu mkuu wa njia hii ni Shankara wa Kerala, ambaye wataalamu wengi humweka karne ya 8.

Vitabu vya msingi ni vitatu: Upanishadi, ambazo ni sehemu za mwisho za Veda, Bhagavad Gita, yenye sura 18 na beti 700, na Brahma Sutra. Hicho cha tatu kiache kwanza, maana sentensi zake ni fupi mno, hazieleweki bila ufafanuzi. Anza na Tattva Bodha, kijitabu cha istilahi, kisha Gita, kisha Upanishadi. Katika Chandogya utakuta baba akimwambia mwanawe atie chumvi majini. Kesho yake chumvi haionekani, lakini aonjapo juu, kati na chini, ipo. Mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa hapo.

Wenyewe husoma kwa hatua tatu: kumsikiliza mwalimu, kutafakari mpaka shaka iishe, kisha kuzama katika ulilolijua. Aliyepita chuoni aelewa kwa nini mwalimu hutangulia kitabu.

Lakini usidhani kila Mhindu ni wa Adwaita. Ukienda hekalu la Swaminarayan, barabara ya Haile Selassie, kumbuka kwamba Swaminarayan mwenyewe, katika Shikshapatri ya 1826, alijinasibisha na mafundisho ya Ramanuja, aliyempinga Shankara. Kwao, mja hubaki mja mbele ya Mola wake. Na lile hekalu jeupe la Langoni, la 1963, ni la Majaini, ambao hawazifuati Veda kabisa.

Je, Muislamu asome haya? Al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya Wahindi mnamo 1030, baada ya kujifunza Kisanskriti. Mwaka 1657 mwana wa mfalme Dara Shikoh alitoa tafsiri ya Upanishadi 50 kwa Kiajemi. Kusoma si kukiri. Wapo wanaoifananisha Adwaita na wahdatul wujud ya Ibn Arabi. Walinganishe, ila wakumbuke kwamba mmoja asimama juu ya Qur'ani na mwengine juu ya Upanishadi.

Kwa hivyo, kabla ya kumsemea jirani yako, muulize kwa adabu: nyinyi mwafuata mafundisho ya nani? Jibu lake litakuonyesha kitabu cha kufungua.