Nyaraka za kuandaa kabla ya kusajili kampuni kwa ajili ya kodi

Tangu msimu wa parachichi uanze, simu za studio zimekuwa na swali moja linalojirudia. Mnunuzi amekuja kijijini, anataka mzigo, lakini anasema atanunua kwa kampuni yenye TIN, si kwa mtu mmoja mmoja wala kwa kikundi. Sasa tuanzie wapi? Hewani tulijibu kwa kifupi. Hapa tunaandika kwa urefu, ili usome kwenye simu taratibu na umsomee mwenzako akihitaji.

Tuanze na kisa tulichosimuliwa na wasikilizaji wenyewe. Wakulima saba walisajili kampuni miaka mitatu iliyopita baada ya kuahidiwa soko. Kazi yote walimwachia kijana wa steshenari mjini, naye aliifanya haraka: cheti kikatoka, TIN ikatoka, wakapiga picha ya pamoja wameshika cheti. Mnunuzi hakurudi. Wao wakaona kwa kuwa hakuna biashara hakuna kodi, wakarudi shambani. Mwaka huu soko jingine limekuja. Walipoomba hati ya kutodaiwa kodi ili wakate leseni, wakakuta kampuni yao ina adhabu za ritani ambazo hazikuwahi kuwasilishwa. Ujumbe wa kukumbusha ulikuwa ukitumwa muda wote huo, ila kwa barua pepe na namba ya simu ya yule kijana, ambaye alishahama mji.

Hakuna mtu aliyeiba kitu hapo. Walichokosa ni kujua wamesajili nini.

Kampuni ni mlipakodi wa peke yake

Ukisajili jina la biashara tu BRELA, kodi ya mapato inabaki kuwa yako wewe mwenye jina. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka anaweza kuwa kwenye utaratibu wa makadirio, yaani analipa kwa kuangalia mauzo. Duka nyingi za vijijini ziko humo.

Kampuni haiingii kwenye utaratibu huo hata kama ni ndogo kiasi gani. Sheria inaiona kama mtu mwingine, mwenye TIN yake, na inailipisha asilimia 30 ya faida. Tunasema faida, si mauzo, na tofauti hiyo ndiyo inayowaumiza watu. Chukua kampuni iliyouza parachichi za shilingi milioni 40. Mbolea, usafiri, vibarua na makasha viligharimu milioni 34, na kila kitu kina risiti na maandishi. Faida ni milioni 6, kodi ni milioni 1.8. Sasa chukua kampuni hiyo hiyo, matumizi hayo hayo, lakini ushahidi uliopo ni wa milioni 20 tu. Faida itahesabiwa kuwa milioni 20 na kodi itakuwa milioni 6. Hiyo milioni 4.2 iliyoongezeka ni bei ya risiti zilizotupwa.

Kwa hiyo kabla ya kukimbilia kampuni, muulizeni mnunuzi kwa nini anaitaka. Wakati mwingine anachohitaji ni TIN na risiti halali, jambo ambalo mtu binafsi naye anaweza kuwa nalo. Akishikilia kuwa lazima kampuni, endeleeni.

Majina yafanane kabla ya kitu chochote

Msingi wa kazi yote ni namba ya NIDA ya kila mwanahisa na kila mkurugenzi. Kama kadi haijafika lakini namba imeshatoka, namba inatosha. Mwenye simu ya kitochi anaweza kupiga *152*00# na kufuata menyu mpaka NIDA. Namba ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo hata mjumbe asiyejua kusoma sana anaweza kuonyeshwa kama tarehe yake imekosewa.

Kaeni siku moja, kila mtu na vitambulisho vyake, mkague. NIDA inasema Yusuph, cheti cha kuzaliwa kinasema Yusufu, benki wameandika Yusufu Juma bila jina la babu. Binadamu ataelewa ni mtu mmoja, ila mfumo hauelewi. Kinachofuatwa ni kile kilichoko NIDA, na nyaraka nyingine zote ziandikwe hivyo. Kama kosa liko NIDA kwenyewe, rekebisheni hapo kwanza hata kama itachelewesha. Tumesikia vikundi vilivyosahihisha majina baada ya kampuni kusajiliwa, na kazi ikawa mara mbili.

Kila mkurugenzi awe pia na TIN yake binafsi. TIN haiuzwi. TRA wanaitoa bure, na anayekudai "hela ya TIN" anakudai hela ya kazi yake ya kukujazia fomu. Hiyo ni halali mkikubaliana, lakini mjue mnalipia nini.

Nyaraka za BRELA

TRA hawawezi kuandikisha kampuni ambayo haipo. Cheti cha usajili kinatoka BRELA, kwa maombi ya mtandaoni. Mnahitaji katiba ya kampuni, ile ambayo mawakili wanaiita MEMARTS. Inaeleza kampuni itafanya shughuli gani, mtaji wake na hisa za kila mmoja, na inasainiwa mbele ya wakili. Mnahitaji wakurugenzi wasiopungua wawili na katibu wa kampuni. Mfumo pia utatoa fomu za kuchapisha, kusaini na kuzirudisha kwa kuzipakia.

Mambo mawili kwenye katiba yanastahili kusomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote. La kwanza ni shughuli za kampuni. Katiba za kunakili zinataja ujenzi, madini, utalii na kuuza magari, wakati ninyi mnauza parachichi. Ziandikwe zile mtakazofanya kweli. La pili ni mtaji. Ada ya BRELA hupanda kadiri mtaji ulioandikwa unavyopanda, na bado kuna vikundi vinaandika mamilioni ambayo hayapo kwa sababu yanapendeza machoni.

Ofisi iko wapi?

Swali hili huchekesha watu wa kijijini, kwa sababu ofisi ni baraza la nyumba ya mwenyekiti. Hakuna ubaya, lakini lazima baraza hilo liwe na maandishi. Chukueni barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na muwe na anwani ya makazi pamoja na postikodi ya kata yenu. Kama mmepanga chumba, andaeni mkataba wa pango wenye jina la kampuni, si jina la mwenyekiti. Kama nyumba ni ya mwanachama, aweke ridhaa yake kwa maandishi pamoja na kinachoonyesha kuwa nyumba ni yake.

Mkataba wa pango una gharama ambazo watu hukutana nazo mezani bila kujiandaa. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka. Kuna pia kodi ya zuio: kampuni inapomlipa mwenye nyumba inapaswa kukata asilimia 10 na kuipeleka TRA. Mwelezeni mwenye nyumba mapema, kwa sababu Kiswahili chetu kinaita pango kodi na kinaita ushuru wa serikali kodi, na ugomvi mwingi huanzia kwenye neno hilo moja.

Kwenda TRA

Sheria inatoa siku 15 tangu kuanza biashara kuomba TIN. Bebeni cheti cha usajili, katiba, namba za NIDA na TIN za wakurugenzi, barua ya mtendaji na mkataba wa pango. Bebeni nakala na bebeni halisi.

Mkijaza au mkijaziwa maombi, angalieni sehemu ya mawasiliano kuliko sehemu nyingine yoyote. Namba ya simu iwe ya mwanachama ambaye laini yake imesajiliwa kwa jina lake na haizimwi. Barua pepe iwe ya kampuni, ifunguliwe siku hiyo hiyo, na nywila iandikwe kwenye daftari la kikundi linalokaa kwa mweka hazina. Namba za uthibitisho, kumbusho za ritani na madai yote vitapita hapo. Mwenye steshenari asiweke za kwake hata akisema ni kwa muda tu.

Kuanzia siku TIN inapotoka, saa inahesabu

Kwa kampuni inayofuata mwaka wa kalenda, ritani ya makadirio inawasilishwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka, na kodi iliyokadiriwa inalipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwaka ukiisha mna miezi sita, yaani hadi 30 Juni, kuwasilisha ritani ya mwisho yenye hesabu zilizothibitishwa na mhasibu mwenye CPA. Gharama ya mhasibu huyo iingizeni kwenye bajeti kabla ya kusajili. Kumbukumbu zote zitunzwe miaka mitano, na sanduku la bati linafaa kuliko mfuko wa nailoni.

Kampuni ambayo haikuuza hata tunda moja bado inawasilisha ritani, ikisema haikuuza. Isipofanya hivyo adhabu inahesabiwa kila mwezi, na kiwango cha chini cha kampuni ni mara tatu ya kile cha mtu binafsi. Kama mmeona biashara haitakuwepo, waandikieni TRA kuwa mmesimama na mfuate utaratibu wa BRELA wa kuifunga kampuni. Kukaa kimya hakuifungi.

Wenye swali kuhusu TIN yao wanaweza kupiga TRA bila malipo, 0800 750 075. Wawe na TIN mkononi.

Wale wakulima saba wamebadilisha mawasiliano kwa barua iliyosainiwa na wakurugenzi wote. Wamempata mhasibu wa kuwasilisha ritani za miaka ya nyuma, zote zikiwa hazina mauzo, na wamemwandikia Kamishna kuomba kufutiwa adhabu, jambo ambalo sheria inaliruhusu pakiwa na sababu ya msingi. Hadi tunaandika makala haya walikuwa hawajajibiwa, na mnunuzi alikuwa amewapa hadi mwisho wa mwezi.