Dirisha la Kujiokolea na Jina la Chumba: Sharti la Usalama katika Uthamini wa Nyumba za Mikopo ya FHA nchini Marekani, 1934–2015

1.0 Utangulizi

Katika uthamini wa nyumba zinazonunuliwa kwa mikopo yenye bima ya serikali ya Marekani, chumba hakihesabiwi kuwa cha kulala kwa sababu tu kina kitanda. Ni lazima kiwe na njia ambayo aliyelala humo anaweza kuitumia kutoka nje moto unapozuka, na kwa kawaida njia hiyo ni dirisha. Insha hii inachunguza jinsi sharti hilo lilivyoingia katika kazi ya mthamini, mtaalamu ambaye hapo awali alihitajika kulinda fedha na si maisha. Hoja kuu ni kwamba sharti hilo limefanya kazi kwa njia ya jina. Chumba kisicho na njia ya kujiokolea hakivunjwi wala hakifungwi, bali hunyimwa jina la chumba cha kulala, na pamoja na jina hupoteza sehemu ya thamani. Humo ndimo ilimo nguvu ya sharti hilo, na humo pia ndimo ulimo udhaifu wake.

2.0 Mthamini kama Mlinzi wa Fedha

Mamlaka ya Shirikisho ya Nyumba, ijulikanayo kama FHA, iliundwa kwa Sheria ya Taifa ya Nyumba ya mwaka 1934, wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi. Mamlaka hiyo haikukopesha fedha, bali iliwapa wakopeshaji bima dhidi ya hasara. Kwa bima hiyo, mkopo uliweza kufikia asilimia 80 ya thamani ya nyumba na kulipwa kwa muda wa hadi miaka 20. Kwa kuwa hasara ingebebwa na mfuko wa bima, thamani ya nyumba ilipaswa kujulikana kabla ya dhamana kutolewa. Hapo ndipo uthamini ulipopata uzito wa kiserikali.

Miongozo ya FHA ya miaka ya 1930 ilimtaka mthamini aangalie jengo, mtaa na majirani. Rangi ya wakazi ilihesabiwa miongoni mwa mambo ya hatari, na mikataba ya kuwazuia watu weusi kununua nyumba ilipendekezwa. Ubaguzi katika uuzaji na ukodishaji wa nyumba ulipigwa marufuku kitaifa kwa sheria ya mwaka 1968. Historia hiyo inadhihirisha kwamba mthamini huona kile anachoagizwa kuona. Kwa hiyo, swali la lini na kwa nini aliagizwa kuliangalia dirisha si dogo.

3.0 Chimbuko la Dirisha la Kujiokolea

Wazo la dirisha la kujiokolea lilitoka katika mkondo mwingine, yaani kanuni za ujenzi na kinga ya moto. Sheria ya nyumba za kupanga ya jimbo la New York ya mwaka 1901 ilisisitiza mwanga, hewa na njia za kukimbilia moto katika majengo ya wapangaji wengi. Mwaka 1973, tume ya kitaifa ilitoa ripoti iitwayo America Burning, ambayo iliyaelekeza macho ya serikali kwenye vifo vya moto majumbani.

Mantiki ya kanuni hizo ni rahisi. Aliyelala huchelewa kutambua moto, na anapoamka huenda ukumbi na ngazi vimekwisha kujaa moshi. Dirisha huwa njia yake ya pili, na pia mlango wa mzimamoto anayeingia na vifaa vyake. Kanuni ya Kimataifa ya Makazi, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, iliweka uwazi usiopungua futi za mraba 5.7 kwa dirisha la aina hiyo, pamoja na ukomo wa inchi 44, takriban sentimita 112, kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa dirisha.

Hata hivyo, kanuni za ujenzi nchini Marekani hupitishwa na majimbo na miji, na kwa kawaida hulenga majengo mapya na ukarabati mkubwa. Nyumba iliyojengwa mwaka 1920 yaweza kukaa vizazi kadhaa bila kuguswa nazo. Uthamini, kinyume chake, huigusa nyumba kila inapouzwa kwa mkopo. Pengo hilo ndilo lililompa mthamini wajibu mpya.

4.0 Kutoka Kipimo hadi Uamuzi

Kitabu cha mwongozo cha 4150.2, kilichotolewa mwaka 1999, kilitaja vipimo waziwazi kwa vyumba vilivyo chini ya usawa wa ardhi. Ukingo wa chini wa dirisha haukupaswa kuzidi inchi 44 kutoka sakafuni, na uwazi ulipaswa kufikia angalau inchi 24 kwa 36. Hata hivyo, mthamini alitakiwa pia kutumia busara.

Kitabu cha 4000.1, kilichoanza kutumika Septemba 2015, kilichukua njia tofauti. Kinamkataza mthamini kukitambua kama chumba cha kulala chumba kisichowezesha watu kuingia au kutoka wakati wa dharura, kiwe juu au chini ya usawa wa ardhi. Katazo hilo halina kipimo. Linamwachia mthamini uamuzi, nao uamuzi una matokeo ya kifedha. Nyumba inayotangazwa kuwa na vyumba vitatu vya kulala yaweza kuthaminiwa kwa kulinganishwa na nyumba za vyumba viwili.

5.0 Nondo na Mipaka ya Sharti

Mgongano wa wazi zaidi unahusu nondo za madirisha. Mkazi huzifunga kumzuia mwizi asiingie, lakini usiku wa moto humzuia yeye mwenyewe asitoke. Miongozo ya FHA ilikubali nondo kwa masharti kwamba zifuate kanuni za moto za mahali husika. Kwa hiyo, hofu ya wizi haikupuuzwa, ila haikuruhusiwa kuishinda haja ya kutoka.

Mipaka ya sharti inabaki. Mthamini hubadilisha idadi ya vyumba katika ripoti, lakini hana mamlaka juu ya nani atalala wapi baada ya mauzo. Familia isiyo na nafasi yaweza kuendelea kumlaza mtoto katika chumba ambacho ripoti imekiita ghala au ofisi.

6.0 Hitimisho

Kati ya 1934 na 2015, chombo kilichobuniwa kulinda mfuko wa bima kilijifunza kuuliza swali la uhai: aliyelala humu atatokaje? Swali hilo liliingia katika uthamini kwa sababu kanuni za ujenzi hazikuzifikia nyumba za zamani, nalo likatekelezwa kwa njia ambayo soko linaielewa, yaani bei. Lakini bei humfikia mnunuzi na muuzaji, si lazima imfikie anayelala. Sharti la dirisha limefaulu kueleza chumba salama ni kipi. Halijaweza peke yake kukifanya kila chumba kinacholalwa kiwe salama.