Namba Zinazoitambua Misa ya Bach

Johann Sebastian Bach alikamilisha Misa yake ya B Minor mwaka 1749, mwaka mmoja kabla ya kufariki, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuisikia nzima ikiimbwa. Sisi tumebahatika kuliko yeye, kwani tangu 1929 imerekodiwa mara nyingi mno, na wingi huo ndio uliozaa tatizo. Mwaka 1985 Mwingereza John Eliot Gardiner aliirekodi kwa ajili ya lebo ya Archiv ya Ujerumani, akiongoza kwaya yake, Monteverdi Choir, na okestra ya English Baroque Soloists. Mwaka 2015 akairekodi tena kwa lebo yake mwenyewe, Soli Deo Gloria, kwaya ikiwa ile ile na okestra ile ile. Mtu akikutana na faili lililoandikwa jina la Bach, la misa, la Gardiner na la kwaya, amepewa majina yote na bado hajui anasikiliza uimbaji upi kati ya miwili iliyopishana miaka 30. Naye kiongozi mwingine, Philippe Herreweghe, na kwaya yake ya Collegium Vocale Gent wameirekodi misa hiyo mara tatu, kila mara kwa lebo nyingine. Hoja yangu ni kwamba hapa majina hayatoshi. Kinachotuokoa ni zile namba na herufi ndogo za pembeni ya jalada, ambazo wapenzi wengi wa muziki huziona kuwa ni mambo ya makarani wa ghala tu.

Ni kweli zilianzia kwa makarani. Rekodi kamili ya kwanza ya misa hii ilifanywa na kampuni ya HMV jijini London mwaka 1929, chini ya uongozi wa Albert Coates. Uso mmoja wa santuri ya inchi 12 ulibeba dakika nne na ushei, hivyo muziki wa takribani saa mbili ulikatwa vipande ukaenezwa kwenye santuri 17. Kila santuri ilikuwa na namba ya katalogi kwenye karatasi ya katikati, ambayo mwenye duka aliitumia kuagizia mzigo. Lakini kila uso ulikuwa pia na namba ya matrisi, iliyotokana na bamba lililorekodiwa studioni, na kando yake namba ya kuonyesha kuwa hilo ni jaribio la kwanza, la pili au la tatu la kipande hicho. Tofauti hiyo ni muhimu sana: namba ya kwanza inatambulisha bidhaa, ya pili inatambulisha tukio la watu kusimama na kuimba. Utaratibu huo huo ulitumiwa na mafundi wa HMV kule Bombay, ambako mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alirekodi mwaka 1928. Mtafiti wa taarab anayeigeuza santuri kuukuu kwenye mwanga ili asome tarakimu zilizo karibu na karatasi anafanya kazi ile ile ya mtafiti wa Bach.

Ukanda wa sumaku ulipoingia studioni baada ya Vita Kuu ya Pili, uhusiano huo ulivunjika. Fundi aliweza sasa kuunganisha vipande vya siku mbalimbali, na namba ya matrisi ikabaki kueleza ni bamba lipi lililotumika kuchapa santuri, si ni siku gani watu waliimba. Namba ya katalogi ikabeba mzigo mkubwa zaidi. Toleo la Gardiner la 1985 lina namba 415 514-2. Tarakimu ya mwisho inataja aina ya bidhaa: 2 ni CD, 1 ilikuwa santuri, 4 kaseti. Namba hiyo imefichwa pia ndani ya msimbopau wa nyuma ya jalada, 028941551429. Ondoa 0289 ya mwanzo, inayoonyesha kampuni, na 9 ya mwisho. Kilichobaki, 4155142, ni namba ya katalogi yenyewe. Ile 9 nayo ina kazi. Jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa na ya kumi na moja upate 20, kisha zidisha kwa 3. Kwenye hiyo 60 ongeza jumla ya tarakimu tano zilizobaki, ambayo ni 21, upate 81. Ili kufikia 90 zinahitajika 9. Aliyenakili tarakimu moja vibaya atagundua hapo hapo kwamba hesabu haitimii. Kwa hiyo hata jalada lililochanika, likibakiwa na mistari ile myeusi, linaweza kuturudisha kwenye toleo lake.

Mtu anaweza kupinga kwamba yote haya yanatambulisha kasha, na rekodi ile ile hupewa namba mpya kila inapotolewa upya kwa bei nafuu. Pingamizi hilo ni la haki, na ndilo lililofanya utungwe msimbo wa ISRC, uliotolewa kama kiwango cha kimataifa cha ISO 3901 mwaka 1986. Msimbo huu una herufi na tarakimu 12, na unashikamana na rekodi ya kipande, si na kasha. Misa iliyogawanywa katika vipande 27 itakuwa na misimbo 27, inayopaswa kubaki ile ile kipande kikihamia kwenye mkusanyiko mwingine. Hata hivyo una mtego. Tarakimu mbili zinazoonekana kama mwaka wa kurekodi ni za mwaka ambao msimbo ulitolewa. Karl Richter aliirekodi misa hii Munich mwaka 1961, miaka 25 kabla ya ISRC kuwapo, kwa hiyo msimbo wowote ilio nao leo ilipewa baadaye. Anayeusoma kama cheti cha kuzaliwa atapotoka.

Je, msimbo unaoweza kupotosha hivyo una thamani gani? Nadhani kosa ni la anayeuuliza swali usiloweza kulijibu. Herufi za IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi, zilizochorwa karibu na tundu la CD zilianza kutumika mwaka 1994. Zinaeleza kiwanda kilichochapa diski, wala hazisemi lolote kuhusu mwaka wa kuimba. Herufi tatu zilizoenea kuanzia 1984 zinaeleza mbinu: ADD ni rekodi ya analogi iliyohaririwa kidijitali, DDD ni ya kidijitali mwanzo hadi mwisho. Diski ya misa yenye ADD inaweza kuwa ya Richter, lakini haiwezi kuwa ya Gardiner ya 1985, iliyorekodiwa kidijitali. Hakuna hata moja ya alama hizi inayotosha peke yake. Zikisomwa pamoja, kila moja huondoa watuhumiwa kadhaa, na mara nyingi hubaki mmoja.

Wapo watakaosema sikio la mjuzi linatosha. Sikio lina nguvu zake: litatenganisha mara moja kwaya kubwa ya Richter yenye ala za kisasa na kwaya ndogo ya Gardiner yenye ala za mtindo wa zama za Baroki. Lakini kisa cha mpiga piano Joyce Hatto kinapaswa kututia adabu. Diski zake zilisifiwa na wahakiki wazoefu kwa miaka kadhaa. Februari 2007 jarida la Gramophone likaeleza kwamba msomaji mmoja aliiweka kwenye kompyuta diski yake ya Liszt, na programu ikaitambua kuwa ya László Simon, iliyotolewa na lebo ya BIS. Mumewe Hatto baadaye alikiri kwamba rekodi za watu wengine zilitumika. Programu haikusikiliza noti hata moja. Ilisoma orodha ya mahali kila kipande kinapoanzia kwenye diski, inayopimwa kwa sehemu ya 75 ya sekunde, na orodha hiyo ikalingana na iliyokuwa kwenye hazinadata. Kwa misa ya vipande 27 ushahidi wa aina hii ni mkali zaidi, maana haiwezekani kwaya mbili, wala kwaya moja katika miaka miwili tofauti, kufikia urefu ule ule mara zote 27. Mdanganyifu anaweza kubadili mwendo wa muziki, na baadhi ya diski za Hatto zilifanyiwa hivyo. Hapo ndipo mafundi walipolazimika kulinganisha mawimbi ya sauti yenyewe.

Sasa muziki umehamia kwenye intaneti, na kasha limetoweka pamoja na alama zake. Huduma za kusikiliza muziki zinao msimbo wa ISRC wa kila kipande na huutumia kuhesabia malipo, lakini msikilizaji kwa kawaida huonyeshwa jina, picha na muda tu. Hasara hiyo inawagusa watu halisi. Katika rekodi ya 1985 waliimba Nancy Argenta na Michael Chance, miongoni mwa waimbaji wengine wa sehemu za mtu mmoja mmoja. Kipande chao kikibandikwa taarifa za 2015, sifa inawapotea, na msimbo ukikosewa hata malipo yanaweza kwenda kwingine. IFPI tayari ina ukurasa wa kutafutia misimbo hii bila malipo. Kinachodaiwa kwa huduma za kusikiliza muziki ni kuandika herufi na tarakimu hizo 12 pembeni ya muda wa kila kipande, mahali ambapo msikilizaji, mtangazaji wa redio na mkutubi wanaweza kuzisoma.