Mbio za wasioona na viongozi wao

Hizi ni mbio ambazo mwanariadha asiyeona, au mwenye uoni hafifu, hukimbia bega kwa bega na mwenzake anayeona. Wawili hao huunganishwa kwa kamba fupi wanayoishika mkononi, na hatua zao hulingana kiasi kwamba mikono hubembea pamoja. Kiongozi hutaja kona, mawe na wapinzani walio karibu. Haruhusiwi kumvuta mwanariadha, na mwanariadha ndiye anayetakiwa kutangulia kuvuka utepe. Katika daraja la T11, la wenye uoni mdogo zaidi, wanariadha wote hufunikwa macho, ili mwenye mwanga kidogo asimzidi asiye nao kabisa.

Mkenya Henry Wanyoike alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 kutokana na kiharusi. Katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 alikuwa akiongoza mita 5,000 pale kiongozi wake, aliyekuwa amedhoofishwa na malaria, alipoishiwa nguvu. Wanyoike akamkokota hadi mwisho, akatwaa dhahabu. Athens 2004 alishinda mita 5,000 na 10,000.

Mazoezi ya mbio hizi mtaani hayahitaji vifaa vya gharama: kamba ya viatu inatosha. Kinachokosekana mara nyingi ni kiongozi mwenye kasi ya kutosha na anayefika kila alfajiri.